Mguu wa Shosho Kwenye Breki

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya magari mjini Nakuru, natoka kazini kurudi nyumbani Section 58, mguu wangu wa kulia umetulia juu ya breki. Gari langu ni la zamani, si la kujivunia, lakini tunaelewana. Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa, vumbi la jioni limegeuka rangi ya asali, na mwenye gari la mbele alikuwa anapiga gumzo kwenye simu kana kwamba barabara ni sebule yake. Ndipo nikahisi breki ikianza kuzama. Haikuanguka ghafla. Iliteremka polepole chini ya mguu wangu, kwa upole, kama mtu anayepitiwa na usingizi kanisani.

Mtu mwenye akili timamu angeshtuka. Mimi nilivuta breki ya mkono, nikakaa, nikatabasamu peke yangu mpaka wa nyuma akaanza kunipigia honi. Maana breki hiyo naijua. Tulikutana nikiwa msichana wa shule ya msingi, kule Bahati, ndani ya pikapu ya shosho wangu, na nikikwambia kwamba jioni ile nilisikia harufu ya maziwa mabichi na udongo wa viazi ndani ya gari langu, tafadhali niamini.

Shosho ni mama yake mama yangu. Sisi tulikaa mjini, kwenye nyumba ya vyumba viwili ambamo redio ya jirani ilikuwa yetu pia, lakini shule zikifungwa tu, shosho alikuja kunichukua. Alikuja na pikapu ya rangi ya krimu iliyokuwa imechoka, mlango mmoja wa rangi ya kijani uliotoka kwa gari jingine lililokufa, na nyuma magunia matupu yanayonuka kabichi. Hakuingia ndani kunywa chai. Alisimama nje, injini ikinguruma, akanitazama tangu kichwani hadi miguuni, akamwambia mama kwamba mtoto huyu anapewa hewa badala ya chakula. Mama alikasirika kila mara, na kila mara akanifungia nguo zangu haraka kabla shosho hajabadili nia.

Ukitoka mjini kuelekea Bahati, unapanda. Baridi inakuja taratibu, kwanza kwenye vidole, kisha masikioni, na udongo unakuwa mwekundu, na mashamba ya mahindi na viazi yanajipanga pande zote mbili mpaka juu kwenye mikaratusi. Asubuhi huko hukuona kitu. Ukungu ulilala juu ya boma mpaka jua lichoke kusubiri. Uliwasikia ng'ombe kabla ya kuwaona, ukasikia ndoo, ukasikia maziwa yakipiga bati la ndoo tupu, kwanza kwa kelele na baadaye kwa sauti nzito kadiri ndoo inavyojaa. Jikoni kulikuwa na moshi wa kuni na chai iliyochemka na maziwa mengi kuliko maji, na viazi vitamu vilivyochemshwa jana vikipashwa moto juu ya makaa. Nilikula nikiwa nimefumba macho nusu. Sidhani nimewahi kulala usingizi mtamu kama ule wa kuketi nikiwa macho pale jikoni.

Baada ya chai tulipeleka maziwa. Hapo ndipo pikapu ilipokuwa mfalme wa boma. Shosho alibeba mitungi yake na ya majirani hadi kwenye ofisi ya maziwa, akarudi na habari za kijiji kizima. Jumapili alibeba akina mama wa kanisa, wamekaa nyuma juu ya benchi na vitambaa vyao vyeupe. Mtu akiugua, walikuja kugonga kwa shosho. Mama mjamzito akianza kuumwa, walikuja kwa shosho. Kuna watu wazima leo pale Bahati waliozaliwa nyuma ya pikapu hiyo, karibu na gurudumu la akiba, na wakinikuta mjini hunisalimia kwa heshima nisiyoistahili.

Gari lilikuwa la babu. Babu alipofariki, watu walisubiri matanga yaishe waulize bei. Shosho hakuuza. Viazi vilipovunwa na shamba likabaki wazi, aliingiza pikapu humo ndani akajifunza peke yake, akizunguka kwenye matuta, gari likirukaruka na kuzimika, na watoto wa majirani wamejaa kwenye ua wakicheka. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alisimama kando mikono kiunoni akisema mama yake atajiua. Kabla ya msimu wa kupanda kufika, shosho alikuwa ameshatoka shambani na kuingia barabarani. Mjomba aliendelea kusimama mikono kiunoni, kwa kuwa ndivyo alivyozoea.

Na shosho alikuwa na desturi moja ambayo lazima nikueleze, maana bila hiyo hadithi hii haiendi. Kule Bahati kila mtu alivaa gamboti, zile buti ndefu za mpira. Matope yalikuwa ya kunata, na mtu aliyeonekana na viatu vya ngozi siku isiyo Jumapili aliulizwa nani amekufa. Lakini shosho akifika kwenye mlango wa pikapu, alizivua gamboti, akazigonganisha kutoa matope, akaziweka juu ya gunia nyuma ya kiti, akaendesha miguu mitupu. Mvua inyeshe, baridi iume, miguu mitupu. Alisema gari ni mnyama, na mnyama hashikwi na glavu. Na breki hakuikanyaga kama watu wengine. Aliianza mbali, kabla hujaona sababu, akaibonyeza kidogo kidogo kwa wayo wote, mpaka gari likasimama na wewe hujui lilisimama saa ngapi. "Breki haikanyagwi," alizoea kuniambia. "Inakamuliwa."

Sasa nikupeleke langoni.

Lango la boma lilikuwa chini ya mteremko mfupi, na kazi yangu ilikuwa kushuka kulifungua. Siku ile tulikuwa tumetoka kupeleka maziwa, mitungi mitupu inagongana nyuma, shosho ananisimulia jambo fulani kuhusu mke wa katekista. Akasimamisha gari. Nikashuka. Nilikuwa nimeshika komeo kwa mikono miwili, nimelipa gari mgongo, nikasikia jina langu likiitwa kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nikageuka. Pikapu ilikuwa inakuja. Haikuwa mbio, la. Ilikuja polepole, kimya, na nyuma ya kioo uso wa shosho ulikuwa mdomo wazi tu. Niliruka kando nikaangukia kwenye ua wa kayaba, miiba yote ikanipokea, na gari likasukuma lango, likang'oa nguzo moja, likasimama limeegemea hapo, shosho alipovuta breki ya mkono.

Sikuumia zaidi ya miiba. Lakini mjomba alikuwa anatoka zizini na aliona yote.

Nilitolewa miiba jikoni kwa sindano, nikipewa kipande cha muwa kwa kila mwiba, kwa hiyo upande wangu sikuwa na malalamiko. Nje ndiko kulikokuwa na moto. Mjomba hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu tulikuwa tumezoea kelele zake. Aliingia ndani ya pikapu na gamboti zake, akaikanyaga breki kwa nguvu. Ikawa ngumu. Akaikanyaga tena, ngumu vilevile. Akafungua boneti, akatazama kikopo cha mafuta ya breki, kimejaa. Akainama kwenye magurudumu yote, akapapasa kwa ndani kutafuta unyevu, akatoka na mkono mkavu. Akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, hii gari iko sawa," alisema. "Ni mguu yako imezeeka."

Fundi aliitwa kutoka mjini. Alikuja na buti nzito za kazi, kijana mwenye heshima, akarudia yale yale kwa mpangilio mzuri zaidi. Alikanyaga. Alitoa hewa kwenye breki gurudumu moja baada ya jingine, akimwita mjomba akanyage na kushikilia huku yeye amelala chini akifungua na kufunga kiskrubu kwa spana. Alikaza breki za nyuma. Akakanyaga tena, tap, tap, tap. Akasema kwa uaminifu kabisa kwamba kama mafuta hayapungui na hakuna mahali panapovuja, basi ugonjwa hauko kwenye gari. Alipokuwa akisema hivyo hakumtazama shosho, na nadhani alifanya hivyo kwa adabu.

Mama alipanda kutoka mjini siku iliyofuata. Aliniangalia mikono iliyochanjwachanjwa, akaniangalia tena, akaketi. Yeye na mjomba hawakuwahi kukubaliana juu ya chochote, hata juu ya saa ya kukamua, lakini siku hiyo walikubaliana. Funguo zitolewe. Gari liendeshwe na mjomba, au liuzwe. Shosho aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akiwa amekaa kwenye kigoda chake cha kukamulia, akimenya viazi bila kutazama kisu.

"Kama ni mguu wangu, hizo funguo nitawapa mwenyewe, hamtaniomba," alisema. "Lakini kwanza nijue. Nilishtuka, sikusikia mguu ulifanya nini. Huyu mtoto ningemuua na nini? Na mguu ama na gari? Mimi nataka kujua."

Akaning'iniza funguo kwenye msumari ukutani, mahali ambapo kila mtu angeziona, na hakuzigusa.

Rafiki yangu, sijui kama umewahi kuona boma likipoteza sauti. Maziwa yalianza kubebwa na baiskeli ya jirani, nusu yanamwagika njiani. Akina mama wa kanisa walipita kwa miguu, wakachungulia, wakasema wanapita tu. Mjomba hakuwa na haraka ya kuendesha. Alikuwa na shamba lake na mambo yake. Pikapu ilikaa kando ya ghala, kuku wakaanza kuizoea. Na shosho, ambaye sikuwahi kumwona akijitazama hata kwenye kioo, alianza kuutazama mguu wake. Jioni akinawa miguu kwenye karai, alikuwa anauinua ule wa kulia, anaugeuza, anaukunja vidole. Mara moja nilimkuta nyuma ya jikoni ameusukuma dhidi ya mtungi uliojaa maji, polepole, amefumba macho, anasikiliza. Mtungi ulisogea. Lakini mtungi si breki, na hilo alilijua.

Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba shosho alikuwa anaogopa. Hakuogopa kupoteza gari. Hilo angelilia siku moja akamaliza. Aliogopa kwamba mwili wake ulikuwa umemsaliti bila kumwambia, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Usiku alikuwa ananivuta karibu kitandani na kuupapasa mkono wangu pale palipokuwa na makovu ya miiba. Nilijifanya nimelala. Hata leo nikiugusa mkono huu nahisi kiganja chake kile kikavu.

Kisha ikaja siku ya kupiga viazi dawa.

Kama umekulia sehemu zetu huhitaji kuelezwa. Mvua ikizidi, majani ya viazi huanza kuwa meusi kwa ugonjwa, na mtu hubeba pampu ya dawa mgongoni akapita kwenye matuta, mkono mmoja ukipampu, mwingine ukinyunyiza. Mjomba ndiye aliyekuwa anapiga. Sisi tulikuwa ukingoni mwa shamba, shosho anachagua mbegu, mimi naokota wadudu. Na mjomba alikuwa anagombana na pampu. Alilalamika kwamba ukipampu kwa haraka dawa inaruka vizuri, lakini ukichoka kidogo, ukipampu polepole, inalegea na dawa inatiririka kama mkojo wa mbuzi. Alisema raba ya ndani imekwisha, dawa inapita kando yake inarudi ilikotoka. Alisema hivyo kwa hasira ya kawaida tu, na akaendelea na kazi.

Shosho aliacha kuchagua. Kiazi kilibaki mkononi mwake. Alitazama ile pampu, kisha akatazama mbali, upande wa ukungu uliokuwa unainuka kutoka bondeni. Nilidhani anaumwa. Akasimama, akajipangusa mikono kwenye leso, akatembea kuelekea kwenye ghala, nami nikamfuata kwa sababu nilimfuata kila mahali.

Alitoa funguo msumarini. Lakini hakuwasha injini. Alivua gamboti, akazigonganisha, akaziweka juu ya gunia, akaketi. Kwanza aliikanyaga breki kama mwanamume, kwa kishindo. Ikawa ngumu. Akaiachilia. Akashusha pumzi. Kisha akaibonyeza kwa namna yake, kidogo kidogo, akashikilia, na mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni niliona goti lake likienda mbele, taratibu mno, mpaka wayo ukagusa sakafu ya gari. Akairudia. Ikazama tena. Akanitazama, na sitausahau uso ule kamwe, kwa sababu ulikuwa wa mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amefumbua macho. Akaniambia nikamwite mjomba.

Mjomba alikuja na pampu yake mgongoni, ananuka dawa, uso umekunjamana. Shosho alimwambia avue gamboti. Akauliza kwa nini. Akaambiwa avue. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu utotoni mama yake kumwona miguu mitupu mchana, na miguu yake ilikuwa myeupe na laini kama ya mtu wa ofisini. Nilitaka kucheka nikajizuia. Akaingia, akaikanyaga, puu.

"Si hivyo," shosho alimwambia. "Kamua."

Akaikamua. Shosho alisimama kando ya mlango wa kijani, na kuku walikuwa wanaparura chini ya gari. Nilikuwa namtazama mjomba usoni. Alianza na uso wa mtu anayewafurahisha wazee. Halafu nyusi zikasogeleana. Halafu akatazama chini, kwenye mguu wake mwenyewe, akautazama kwa muda mrefu, kama ulikuwa umeanza kuongea.

"Imeenda," alisema mjomba, kwa sauti ndogo. "Imeenda yote."

Ni jambo rahisi ukishalijua. Kuna raba ndogo ndani ya masta, kile kichuma kinachopokea nguvu ya mguu na kuyasukuma mafuta hadi kwenye magurudumu. Ile raba ilikuwa imelika. Ukiishtua kwa kishindo, inatanuka na kushika, na breki inakuwa ngumu kama jiwe. Ukiibonyeza taratibu, mafuta yanapita kando yake na kurudi nyuma, hayamwagiki nje hata tone, na kikopo kinabaki kimejaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Wanaume wote waliolipima lile gari walilipima na gamboti na buti, kwa kishindo, kama wanavyofanya kila kitu. Na Bahati nzima ilikuwa na mguu mmoja tu uliozoea kuuliza breki kwa upole.

Fundi aliitwa tena. Safari hii alifungua masta yenyewe kwenye gazeti kuukuu, na mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa, na zile raba kingo zake zilikuwa zimechakaa kama kola ya shati la shule. Alitia mpya. Wakati wa kutoa hewa alimwita mjomba kwenda kukanyaga, mjomba akatikisa kichwa, akamwonyesha mama yake. Basi shosho ndiye aliyekaa pale, miguu mitupu, na fundi akiwa chini ya gari akisema kanyaga, mama, shikilia, shikilia, haya wachilia. Jua lilikuwa limetoka. Mama yangu alileta chai nje. Nilipewa kazi ya kushika chupa ya kupokea mafuta machafu, nikaishika kama kikombe cha kanisani.

Lakini kabla ya hayo yote, mjomba alipokwenda kutafuta gamboti zake, shosho alinishika kichwa kwa mikono miwili akakibana kifuani pake. Hakucheka wala hakumsema mtu. Alisema tu, mara nyingi, kwamba haikuwa mguu, haikuwa mguu. Nililia pia, na sikujua nalia nini.

Miaka ile iliyofuata ndiyo ninayoiota zaidi. Sikumbuki matukio, nakumbuka mwanga. Nakumbuka pikapu ikishuka asubuhi kutoka kwenye ukungu kuingia kwenye jua, mitungi ikiimba nyuma, na mkono wa shosho wenye bangili moja ya shaba ukibadilisha gia bila haraka. Nakumbuka harufu ya pareto iliyoanikwa, na mahindi ya kuchoma tuliyonunua njiani ingawa tulikuwa na shamba la mahindi. Mjomba alibadilika kidogo. Aliendelea kusimama mikono kiunoni, lakini kila alipopita kwenye pikapu alikuwa anaigonga bodi mara moja kwa kiganja, kama unavyomgonga ng'ombe mzuri.

Nilikuwa nimeshaanza kuvaa sketi ya sekondari siku tuliyomkuta ndama barabarani. Tulikuwa wawili tu ndani ya gari. Ndama alitoka kwenye mahindi akavuka, kwa ule uvivu wao, na shosho akashika breki, na gari likasimama. Ndama akatutazama, akaenda zake. Kwangu mimi hakuna kilichotokea. Nilikuwa katikati ya kumweleza jambo la shuleni, nikaendelea kulieleza. Baadaye ndipo nikaona kwamba gari halikuondoka. Shosho alikuwa amezima injini. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani na alikuwa anatazama pale ndama alipopita.

Angeweza kunyamaza. Nimelifikiria hilo mara nyingi sana. Hakuna aliyeona, mimi mwenyewe sikuona, na ndama haongei. Alichomoa funguo, akavaa gamboti zake, akaniambia tutembee. Tuliiacha pikapu kando ya barabara na mitungi yake, tukapanda kwa miguu hadi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, na sikuthubutu kuuliza. Mjomba alikuwa anapasua kuni. Shosho akamwekea funguo juu ya gogo.

"Nenda ulete gari," alimwambia. "Breki ni nzima. Nimeiita ikaja. Sasa ni mguu uliochelewa."

Kisha akaingia jikoni kuweka chai, kama siku nyingine yoyote.

Ungedhani mjomba angefurahi. Alikuwa amezidai zile funguo tangu matanga ya babu. Alizichukua akateremka barabarani, nami nikatumwa kumsaidia na mitungi. Nilipomfikia alikuwa ameshavua gamboti na soksi, ameketi mahali pa shosho, mguu juu ya breki. Aliikamua polepole, akashikilia. Akaiachilia, akaikamua tena. Akashuka, akatambaa chini ya gari na nguo zake safi, akapapasa magurudumu, akafungua kikopo, akachovya kidole akakitazama kwenye jua. Akarudi kwenye kiti akaanza upya. Magari ya watu yalipita yakatupigia honi za salamu, hakuzijibu. Jua lilikuwa limeanza kugusa mikaratusi na mjomba bado alikuwa amekaa pale, goti halisogei, mguu mweupe umeikandamiza breki iliyokuwa imara chini yake.

Shosho alienda kwa miguu kanisani mpaka alipoacha kwenda. Sasa analala kando ya babu, na shamba limekatwa ploti, na mahali palipokuwa na ua wa kayaba kuna ukuta wa mawe na mabango ya watu wanaouza ploti zaidi. Ng'ombe hawapo. Asubuhi za ukungu bado zipo, lakini zinafunika mabati ya watu nisiowajua. Pikapu iliuzwa kwa mtu wa vyuma vikuukuu, mlango wa kijani na vingine vyote. Mjomba ndiye pekee aliyebaki wa kunikumbusha, na yeye mwenyewe anatembea na fimbo. Jumapili hii nilienda kumwona, nikamweleza kuhusu breki yangu iliyozama kwenye foleni, nikidhani tutacheka pamoja siku ile ya lango na pampu ya viazi. Hakucheka. Aligeuzageuza kikombe chake cha chai, akitazama miguu yake ndani ya slipa.

"Unajua ile siku ya ndama," alisema, "niliomba Mungu hiyo breki izame."